Amuri wa Maabara na Chaza wa Mwaka Mpya

Kazi ya Amuri Almasi ilikuwa kuchungulia mavi ya watu, naye hakuona haya kusema. Aliyemuuliza anafanya nini kule hospitalini alijibiwa hivyo hivyo, bila kuzunguka, kisha Amuri akaongeza kwamba mavi husema kweli kuliko mwenyewe. Watu wa Kadutu, mtaa wake pale Bukavu, walimcheka. Lakini mtoto akivimba tumbo, au mtu mzima akianza kukonda bila sababu, walipanda mlima hadi mlangoni kwake, wamefunga kitu kwenye jani la mgomba, wakamwomba akakitazame kesho kazini.

Alizaliwa Uvira, katika nyumba ya wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka pwani na misafara ya pembe. Baba yake hakukubali abatizwe, na shule za wakati ule zilikuwa mikononi mwa mapadri, kwa hiyo Amuri alisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, akazijua herufi za Kiarabu na aya nyingi kwa moyo. Kifaransa alikisoma kwenye chupa. Mwaka 1946 alipopanda Bukavu kutafuta kazi, mji ukiitwa bado Costermansville, alichukuliwa na maabara ya hospitali ya serikali aoshe chupa na vioo. Vioo vilikuwa na vibandiko, vibandiko vilikuwa na maneno, na Amuri hakuwa mtu wa kuosha neno bila kujua ni neno gani.

Miaka mitatu aliosha. Siku moja daktari wa wakati huo aliacha kipande cha kioo juu ya mikroskopi akaenda kunywa kahawa, Amuri akainama kutazama. Aliona yai moja la mnyoo, refu, lenye mwiba ubavuni. Daktari aliporudi alikuta ameshaandika daftarini kwamba mgonjwa hana kitu. Amuri akasema, "Bwana, kuko kitu hapa pembeni." Daktari akatazama, akaufuta mstari wake. Tangu siku hiyo chupa zilioshwa na mtu mwingine.

Kufika mwaka 1957 ndiye aliyekuwa macho ya maabara ile, chini ya Dokta Lemmens, Mzungu mrefu, mchache wa maneno, aliyevuta sigara hata mbele ya chupa za spiriti. Asubuhi Amuri alisoma minyoo ya safura, amiba na kichocho. Ijumaa, kabla ya sala, aliteremka kwenye ghuba za ziwa na ndoo na chekeche, akaokota konokono kwenye majani ya ufuko, kila mmoja akamtia katika gilasi yake ya maji juani. Baada ya saa moja, konokono mgonjwa alitoa vijidudu vyenye mkia wa panda, vikiogelea juu chini, vikitafuta ngozi ya mtu. Amuri aliandika ni ghuba ipi na konokono wangapi, halafu akawakataza akina mama kufulia pale. Akina mama walimsikiliza, wakasema ndiyo, na kesho yake wakafulia pale pale, maana hapakuwa na pengine.

Nyumba ya pili kutoka kwake Kadutu alikaa Philémon Bisimwa, Mushi, mtu wa kabila la Bashi, kutoka Kabare, mpishi wa Bwana Delcourt, mwenye mashamba ya kwinini na kahawa. Philémon alikuwa mtu wa maringo ya haki: alijua kupika bata kwa namna nne, na mashati yake yalikuwa meupe kuliko ya makarani. Mke wake, Séraphine, na mke wa Amuri, Asumini, waliombana chumvi na kubebeana watoto mpaka watoto wenyewe wakawa hawajui hasa mama yao ni yupi kati ya wale wawili.

Siku ya Mwaka Mpya wa 1958, baada ya adhuhuri, Philémon alikuja kukaa kwenye kibaraza cha Amuri. Usiku uliopita Bwana Delcourt alikuwa na karamu ya wageni kumi na sita. Philémon alikuwa hajalala sawasawa, lakini maneno yalimjaa.

"Papa Amuri, jana nimepasua vitu ya ajabu," alisema. "Bakaleta vikapu viwili kutoka Ulaya, na ndege mpaka Usumbura, halafu na kamyo ya mizigo. Ndani mawe. Mawe yenye kufunga mudomo! Unaingiza kisu, unafungua, na ndani kuko kitu kama kamasi."

"Chaza," Amuri akasema. "Wanatoka baharini. Bibi yangu alikuwa ananisimulia. Kwao walichimba kwenye miamba maji yakitoka."

"Miye naita konokono ya bahari. Bazungu banakula ikiwa mzima! Banamwangia ndimu, inajikunja, banameza."

"Na weye ulionja?"

"Aka! Miye nile kitu yenye kujikunja?" Wakacheka wote wawili, na Asumini ndani ya nyumba naye akacheka.

Bado wanacheka gari ya Bwana Delcourt ikasimama chini ya njia. Dereva alipanda kwa miguu, akasema Philémon anaitwa. Philémon aliinuka, akajifuta suruali, akamwambia Amuri, "Labda bageni bamebaki, banataka supu." Hakurudi.

Kesho yake Amuri alipofika maabara alikuta vikopo kumi mezani, kila kimoja kimebandikwa namba. Vilitoka hospitali ya Wazungu. Dokta Lemmens alikuwa amesimama dirishani, sigara mkononi, haijawashwa.

"Acha vingine vyote, Amuri. Hivi kwanza," alisema. "Watu kumi wa karamu ya Delcourt wanatapika na kuhara tangu jana. Mama mkwe wake hali yake ni mbaya. Komisari anasema ni sumu, na mpishi amefungwa."

Amuri alivaa koti lake, akaanza. Mikono ilijua kazi hata kama moyo ulikuwa gerezani. Hakukuwa na amiba. Hakukuwa na minyoo ya kueleza ugonjwa wa ghafla namna ile. Basi akachovya sindano katika kila kikopo na kupaka kwenye sahani za chakula cha bakteria, ule ute mgumu wa mwani ambao Dokta alifundisha kuupika kama uji, akazifungia kwenye kabati la joto. Bakteria huhitaji usiku mmoja kuota. Mtu hana la kufanya ila kungoja.

Jioni Kadutu yote ilikuwa imeshahukumu. Komisari alisema sumu kwa sababu alikuwa komisari. Watu wa Kadutu walisema sumu kwa sababu walijua karuho, ile sumu ya kuwekewa mtu kwenye pombe au mchuzi, na kila mmoja alikuwa na shangazi aliyekufa nayo. Wengine hata walimsifu Philémon pembeni. Séraphine alikaa kwa Asumini na mtoto mgongoni, hakulia, alirudia tu neno moja: "Hakuonja. Banasema, juu ya nini hakuonja?" Ndivyo ilivyokuwa. Mpishi aliyekataa kula chakula chake mwenyewe, hiyo ndiyo ilikuwa hoja kubwa ya polisi.

Asubuhi ya tarehe tatu Amuri alifungua kabati. Bakteria wa kawaida wa tumbo, wale ambao kila mtu hutembea nao, huota madoa mekundu kwenye ute ule. Katika sahani tisa kati ya kumi, pamoja na madoa mekundu, palikuwa na madoa ya buluu, madogo, ya kung'aa kama matone ya umande. Alitia moja kwenye tone la maji, akaweka chini ya mikroskopi. Vijiti vifupi, vinakimbia kila upande. Dokta alivijaribu kwa maji ya damu aliyoyahifadhi kwenye barafu, yale yanayogandamanisha bakteria wa aina moja tu, vijiti vikagandamana mara moja, kama watu wanaokumbatiana.

"Salmonela," Dokta Lemmens alisema. "Si sumu. Hakuna mtu aliyetia kitu kwenye mchuzi. Ni ugonjwa wa chakula."

Moyoni Amuri alimwona Philémon ameshafika nyumbani, shati jeupe, anaringa. Furaha hiyo ilidumu mpaka saa nane mchana. Saa nane mama mkwe wa Bwana Delcourt alikufa, na saa tisa Dokta alirudi kutoka kwa komisari uso umekunjamana.

"Hamfungui," alisema. "Anasema kama si sumu basi ni uchafu. Mpishi alipiga mayonezi kwa mikono yake. Ikiwa yeye ndiye anayebeba bakteria hawa, ameua mtu kwa uzembe, na hilo nalo lina kifungo chake. Kusema kweli, Amuri, inawezekana. Kuna watu wanabeba na hawaumwi."

Hapo Amuri aliona kwamba ni sahani zake zilizomtoa Philémon kwenye shimo moja na kumtumbukiza katika jingine. Hakumwambia Séraphine. Alimwambia Asumini tu, kwa sauti ndogo, wakati anakoleza mkaa.

Dokta aliagiza choo cha mpishi kiletwe kutoka gerezani siku tatu mfululizo. Daftarini kiliandikwa namba kumi na moja. Siku tatu zote Amuri alitazama, akatazama tena, hata Dokta akamwambia sahani haibadiliki kwa kukodolewa macho. Madoa mekundu matupu. Komisari akajibu kwamba mpishi mwenye akili ameshakunywa dawa, na siku tatu hazithibitishi kitu.

"Ni wale chaza, Dokta," Amuri alisema. "Kule watokako, maji ya ufuko yanaingia vyoo vya mji. Chaza anakunywa maji yote, anabaki na yaliyomo. Ni kama konokono zetu."

"Si kama konokono zetu hata kidogo. Konokono analea mnyoo, chaza anachuja tu," Dokta alisema. Kisha akakubali: "Lakini ndiyo, nami nadhani ni chaza. Huko kwetu kila mwaka wanaua mtu. Nipe basi chaza mmoja wa kupima."

Hapakuwa na hata mmoja. Makombe yalikuwa yametupwa shimoni siku ile ile na kumwagiwa chokaa, na vikapu vimechomwa. Waliokula chaza walikula na mayonezi pia, wote. Hakuna aliyeweza kusema kipi kati ya viwili.

Jumapili Asumini alirudi kutoka soko la Kadutu, akaweka kikapu chini, akasema bila hata kuvua kitenge cha kichwani:

"Unajua Pascal, zamu wa Delcourt? Mke wake, Clémence, nimemkuta anatafuta dawa ya tumbo. Anasema mume wake iko chini tangu Mwaka Mpya. Hawezi kusimama."

Zamu ni mlinzi wa lango. Mlinzi wa lango hali mezani kwa wageni kumi na sita.

Amuri alivaa viatu. Njia ya kwa Pascal ilipita mgongo wa pili wa mlima, udongo umelowa, unashika kisigino. Alimkuta mzee amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani. Pascal alikuwa amechimba dhahabu Kamituga ujana wake wote, akatoka huko na goti bovu na barua moja ya sifa, ndiyo iliyompa kazi ya lango. Clémence alimpa mgeni kigoda akatoka nje.

"Papa Pascal, pole na ugonjwa."

"Ni malaria," Pascal alisema.

"Malaria yenye kuhara?"

"Malaria ya siku hizi."

Amuri akasogeza kigoda karibu na mkeka, akasema, "Papa, miye sikutumwa na polisi. Philémon iko gerezani wiki ya pili. Ana watoto watatu. Komisari anasema alitia uchafu na mikono yake. Kama kuko mutu alikula kitu ya nyumba ile, na kitu hiyo haikupita kwa mikono ya Philémon, Philémon anatoka."

Mzee aligeukia ukutani.

"Siku ya karamu kamyo ilifika saa kumi," Pascal alisema, akiuambia ukuta. "Dereva alikuwa anatukana. Mvua ilikula daraja, akalala Sange, kule bondeni, siku mbili na vikapu kwenye kamyo, na weye unajua jua ya Sange. Akashusha kwa lango, akaenda kuita batu ya kubeba. Miye nikabaki na vikapu. Miaka yote naona vyakula vinapita hapo mbele yangu, kuingia. Nikasema leo nitajua Bazungu banakula nini." Akalishika goti lake bovu. "Nilifungua tano na kisu yangu. Moja ilikuwa imefunguka yenyewe."

"Ukala hiyo pia?"

"Nilikula hiyo kwanza. Ilikuwa rahisi."

"Na chakula kingine cha jikoni?"

"Nani atanipa? Nilikula bugali yangu na majani ya sombe, kama kila siku."

Hilo ndilo Amuri alilolitaka, na sasa akaona uzito wake. Mlinzi aliyeiba kwa bwana wake alikuwa na gereza linalomngoja, na baada ya gereza kufukuzwa mjini, arudishwe kijijini ambako hana tena shamba. Pascal aliugeuza uso, akamsoma mawazo.

"Unaona? Nikisema, miye ndiye mwizi. Na yule maman ya Kizungu amekufa. Kesho batasema ni mikono ya zamu iliyoingia ndani ya kikapu."

"Sitaandika jina yako," Amuri alisema. "Maabara inaandika namba. Nipe kitu ya kupima, basi. Jina nitabaki nayo miye."

"Utaapa?"

Amuri aliapa kwa dini yake. Pascal, ambaye alikuwa Mkatoliki, alimwangalia kama anapima kamba kabla ya kushuka nayo shimoni. Kisha akamwita Clémence alete kikopo.

Jumatatu Amuri alikuwa maabara kabla ya jua. Kwanza alipaka sahani, akafunga kabati la joto. Halafu, kwa mazoea tu ya miaka, akaweka kidogo chini ya mikroskopi. Mayai yalikuwa hapo, mengi, yenye mwiba ubavuni. Mzee alikuwa na kichocho, na si cha jana. Ini lake lilikuwa likiliwa polepole miaka nenda miaka rudi, huku yeye akiuita uchovu wa Kamituga. Amuri aliandika: namba kumi na mbili, kichocho cha tumbo.

Jumanne sahani ilikuwa na madoa ya buluu. Yakagandamana kwa maji ya damu yale yale, kwa dakika zile zile.

Dokta Lemmens alilitazama daftari. "Namba kumi na mbili. Ni nani?"

"Ni mtu aliyekula chaza kabla hawajaingia jikoni, Dokta. Kutoka kwenye kikapu, kwa kisu chake mwenyewe. Hakula mayonezi. Hakula kitu kingine cha nyumba ile. Na vikapu vililala Sange siku mbili kwenye joto. Dereva wa kamyo anaweza kusema, na watu wa Sange."

"Nimekuuliza ni nani."

"Namba kumi na mbili, Dokta."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili Amuri kumnyima daktari jibu. Mikono aliiweka juu ya meza, ionekane. Dokta alimtazama, akatazama daftari, akawasha sigara.

"Huyu kichocho chake kitatibiwa na nani, kama hana jina?"

"Atakuja mwenyewe, Dokta. Nitamleta kama mgonjwa wa kawaida."

"Basi alete na jina la mgonjwa wa kawaida," Dokta alisema, akachukua kofia yake.

Komisari hakuridhika na namba. Alimtaka mtu. Dokta alimwambia kuna siri ya hospitali. Komisari akajibu kwamba siri hiyo ni ya wagonjwa wa Kizungu. Siku ya pili yake wakamwita Amuri ofisini. Walimsimamisha mbele ya meza kuanzia saa mbili hadi saa sita. Waliuliza kwa upole, halafu kwa ukali, halafu wakamwacha tu asimame huku karani akipiga taipu. Waliuliza kama ni ndugu yake. Waliuliza kama Waislamu wa Uvira wana chama. Amuri alijibu kila mara, "Bwana, daftari ni ya Dokta. Mwenye ruhusa ni Dokta." Hakuwa shujaa, mwenyewe alisema baadaye: alikuwa ameapa, na alimwogopa Mungu kidogo zaidi kuliko alivyomwogopa komisari, basi.

Kilichomaliza mambo ni simu ya Sange. Dokta Lemmens aliandika barua ndefu kwa mkuu wa wilaya, na mkuu, ambaye naye alialikwa kwenye karamu ile lakini hakwenda kwa sababu ya mafua, aliagiza uchunguzi. Alipopigiwa simu, mwenye duka mmoja wa Sange alisema ndiyo, kamyo ililala mbele ya baraza yake siku mbili, na vikapu vilianza kunuka hata akaomba visogezwe. Dereva alikiri. Aliogopa kuchelewesha karamu ya wakubwa, kwa hiyo hakumwambia mtu.

Philémon alitoka gerezani tarehe ishirini ya mwezi wa kwanza. Alirudi kwa miguu, shati lake lile lile, si jeupe tena, na Séraphine alimpokea njiani na ndoo ya maji ili aoge kabla majirani hawajamwona. Bwana Delcourt hakumrudisha kazini. Hakumlaumu, alituma hata barua ya sifa, lakini mke wake alisema hawezi tena kumeza kitu cha mikono ile. Philémon alikaa miezi miwili bila kazi, kisha akapata jiko la wahandisi Kamituga, akaenda, na familia ikamfuata kiangazi.

Pascal aliletwa hospitalini mwezi wa pili, mgonjwa wa kawaida mwenye jina la kawaida. Dawa ya kichocho ya siku zile ilikuwa sindano za mshipa, kumi na mbili, kila baada ya siku moja, na kila moja ilimfanya mtu akohoe na kutapika kama anatapika roho. Baada ya ile ya nne alitaka kutoroka. Amuri alikaa naye, amemshika bega, mpaka kikohozi kikapita. Hawakuzungumza habari ya chaza hata mara moja. Aliporudiwa na nguvu, mzee aliacha lango, akalima viazi upande wa Walungu kwa ndugu ya Clémence.

Amuri mwaka ule alikuwa ameomba kadi ya sifa, ile iliyompa Mwafrika ruhusa ndogo ndogo ambazo mwingine hakuwa nazo. Ombi lilirudi na mstari mmoja: tabia ya mwombaji haijathibitishwa. Dokta Lemmens alisoma, akasema neno moja la Kiflamand, lugha ya kwao, ambalo Amuri hakuwahi kulikuta kwenye chupa yoyote. Mshahara wake haukubadilika, na konokono za Ijumaa ziliendelea.

Mwisho wa mwaka Philémon alishuka kutoka Kamituga kuja kusalimia, amenenepa, na chupa ya asali mkononi. Walikaa kibarazani. Alisimulia wahandisi na tabia zao, alisimulia mtoto mpya, kisha akafikia habari ya gereza, kama alivyoifikia kila mara.

"Kitu moja inaniuma mpaka leo," alisema. "Yule zamu, Pascal. Miaka sita tunafanya kazi lango moja. Hakuja hata siku moja kumuuliza Séraphine kama nimekula. Hakuja kunisalimia nikitoka. Mutu gani yule, Papa Amuri? Moyo yake iko namna gani?"

Asumini, aliyekuwa akichambua mchele, aliinua macho akamtazama mume wake.

"Alikuwa mugonjwa wakati ule," Amuri alisema.

"Mugonjwa ya nini?"

"Kichocho. Mbaya sana. Nilimtibu miye mwenyewe."

Philémon aliwaza kidogo. "Basi, pole yake," alisema, akafungua chupa ya asali, akaomba kijiko.